Mwanao ni mzito darasani? Usikimbilie 'dawa ya akili'

Asubuhi moja mama mkazi wa Ukunda aliingia katika chumba changu cha matibabu akiwa amemshika mkono mwanawe wa kiume mwenye umri wa miaka tisa. Hakuja kwa sababu ya homa wala kikohozi. Alikuwa na kikaratasi kilichoandikwa jina la sharubati inayouzwa madukani kwa sifa ya kuongeza akili.

"Daktari, niandikie hii, au nyingine iliyo bora kuliko hii," alisema. "Mtoto huyu hashiki kitu. Mwalimu amechoka naye, na babake humchapa kila ripoti ikija."

Mtoto alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimwomba aangalie juu, nikaivuta chini kope ya jicho lake. Mahali panapotakiwa kuwa pekundu kama nyama ya pera palikuwa peupe mithili ya tui. Nilipompima damu, kiwango cha himoglobini kilikuwa gramu 8.1, ilhali mtoto wa umri wake hatakiwi kuwa chini ya gramu 11.5. Choo chake kilipopimwa kilionekana kimejaa mayai ya minyoo ya safura.

Msomaji mpendwa, mtoto huyu hakuwa mjinga. Ubongo wake ulikuwa ukifanya kazi bila ya hewa ya kutosha, na kwa kosa hilo asilolijua alikuwa akipigwa viboko.

Nami nakiri kwamba sikuzaliwa nikiyajua haya. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliwahi kumwandikia mama mwingine sharubati ya vitamini bila ya kumpima mtoto wake, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na mama alikuwa ameishikilia sharubati hiyo. Miezi minane baadaye mtoto aliletwa amebebwa mgongoni, akihema, ikabidi alazwe na kuongezwa damu. Tangu siku hiyo, kila mzazi anaponiomba dawa ya akili, mimi huanza na kope la jicho.

UBONGO NI MLAJI MKUBWA

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo moja na robo tatu ya nusu, yaani karibu gramu 1,400. Hiyo ni kama asilimia mbili tu ya uzito wa mwili. Lakini kiungo hiki kidogo hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote za mwili. Kwa mtoto wa miaka mitano hivi hali ni ya kustaajabisha zaidi. Ubongo wake hula zaidi ya asilimia 40 ya nguvu ambazo mwili mzima hutumia kwa siku.

Nguvu hizo hutokana na sukari iliyomo katika damu pamoja na oksijeni inayobebwa na himoglobini. Ili mwili utengeneze himoglobini, sharti upate madini ya chuma. Aidha, ubongo wenyewe huhitaji chuma kwa kazi nyingine mbili. Kwanza, chuma husaidia kutengeneza utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva, mfano wa mpira unaofunika waya wa umeme. Utando huo ukiwa dhaifu, habari husafiri polepole kutoka sehemu moja ya ubongo hadi nyingine. Pili, chuma hutumika katika kutengeneza dopamini, kemikali inayomwezesha mtu kuwa makini na kuwa na hamu ya jambo analolifanya.

Kwa hivyo, mtoto aliyepungukiwa na chuma aghalabu huwa mchovu, husinzia, hukasirika upesi na hawezi kumfuata mwalimu kwa muda mrefu. Mwalimu huona uvivu. Mzazi huona kichwa kigumu. Daktari asiyekuwa na haraka huona upungufu wa damu.

MNYONYA DAMU WA MCHANGANI

Je, chuma hicho hupotelea wapi? Katika pwani yetu ya kusini, kuanzia Tiwi na Diani hadi Msambweni na Lunga Lunga, mmoja wa wezi wakubwa ni mnyoo wa safura. Ardhi yetu ya mchanga, yenye joto na unyevu, humfaa sana. Mtu mwenye minyoo akijisaidia kichakani, mayai huanguliwa udongoni na viluwiluwi vyake hungoja. Mtoto anayepita miguu mitupu hupenywa kwenye ngozi ya nyayo bila ya kujua. Viluwiluwi husafiri kwa njia ya damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na hatimaye hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo na kuanza kunyonya.

Aina iliyoenea zaidi katika Afrika Mashariki hunyonya takriban mililita 0.03 za damu kwa siku kwa kila mnyoo. Kiasi hicho ni kidogo mno kwa macho. Lakini hebu tupige hesabu. Mtoto mwenye minyoo 300 hupoteza mililita 9 kila siku, karibu vijiko viwili vya chai. Kwa mwezi mmoja hizo ni mililita 270, karibu chupa nzima ya soda. Na minyoo hiyo huweza kuishi tumboni kwa miaka kadhaa.

Fauka ya safura kuna kichocho, kinachopatikana kwa wanaooga au kucheza katika mabwawa na mito yenye konokono wanaobeba vimelea hivyo. Wako wazazi wanaoona mkojo wa damu wa mvulana kuwa ni dalili ya kukua tu. Si kweli. Kichocho hupunguza damu, huudhoofisha mwili, na uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 uliuhusisha ugonjwa huu na udhaifu wa kumbukumbu na wa masomo kwa watoto.

KWALE ILIVYOUFUNZA ULIMWENGU

Pengine hujui, msomaji, kwamba mambo mengi ambayo wataalamu wa dunia wanayajua kuhusu minyoo na watoto wa shule yalitokana na watoto wa Kwale. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Kenya, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, waliwapa wanafunzi wa hapa dozi moja tu ya albendazole. Katika ripoti iliyotolewa mwaka 1989 walionyesha kwamba watoto waliotibiwa waliongezeka uzito na kukua vizuri kuliko wenzao ambao hawakupewa dawa.

Baadaye, kati ya mwaka 2015 na 2017, mradi mkubwa uliojulikana kama TUMIKIA ulifanyika katika kaunti hii ya Kwale. Swali lilikuwa hili: Je, yatosha kuwatibu watoto shuleni peke yao, au ni bora kuitibu jamii nzima? Vijiji viligawanywa katika mafungu matatu. Pale walipotibiwa watoto wa shule tu mara moja kwa mwaka, walioambukizwa safura walipungua kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Pale ilipotibiwa jamii nzima mara moja kwa mwaka, walipungua kutoka asilimia 17.9 hadi 8.0. Na pale jamii ilipotibiwa mara mbili kwa mwaka, walipungua kutoka asilimia 20.6 hadi 6.2.

Funzo lake ni rahisi. Ukimtibu mtoto na kumwacha baba, mama, nyanya na mtumishi wa nyumbani, umefukuza mwizi mmoja na kuwaacha wenzake sebuleni.

Hata hivyo, sharti niseme ukweli wote. Kumpa mtoto dawa ya minyoo hakumfanyi awe wa kwanza darasani. Huko Busia, utafiti mashuhuri wa Edward Miguel na Michael Kremer uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa dawa ya minyoo ilipunguza utoro kwa karibu robo, lakini alama za mitihani hazikupanda. Dawa humrejesha mtoto kwenye dawati. Kinachofuata kinategemea mambo mengine, na hapo ndipo tunapofikia habari ya malaria.

MALARIA, DEGE NA ADA YA BAADAYE

Malaria huharibu ubongo kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya ghafla. Vimelea vikiziba mishipa midogo ya damu ubongoni, mtoto hupatwa na dege, hali ambayo wazee wetu huiita nyuni, na huenda akapoteza fahamu. Wengi hupona, lakini uchunguzi uliofanywa Kilifi na nchini Uganda umeonyesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya kila wanne walionusurika hubakia na hitilafu fulani. Huenda ikawa katika kusema, kukumbuka, kuwa makini, au huenda akapatwa na kifafa. Kwa sababu hiyo, kumzungusha mtoto mwenye dege kwa waganga kwa siku mbili kabla ya kumfikisha hospitalini ni kuichezea akili yake ya maisha.

Njia ya pili ni ya kimyakimya. Mtoto mkubwa huweza kuwa na vimelea vya malaria katika damu bila ya homa, akaenda shule na kucheza, huku damu yake ikiliwa kidogo kidogo. Huko Bondo, karibu na Ziwa Victoria, watafiti waliwapa wanafunzi dawa ya kuzuia malaria mara moja kila muhula. Ripoti yao ya mwaka 2008 ilisema kuwa upungufu wa damu ulipungua kwa karibu nusu, na watoto wakawa makini zaidi darasani.

MATOKEO YALIYOSHANGAZA

Baada ya habari hizo njema za Bondo, wataalamu walikuja Kwale. Mradi wao ulioanza mwaka 2010 uliitwa HALI, na ulihusisha shule za msingi 101 na watoto zaidi ya 5,000. Katika nusu ya shule, wanafunzi walipimwa malaria kila muhula, na waliopatikana na vimelea wakapewa dawa. Kila mtu alitarajia kwamba damu itaongezeka na akili zitachangamka.

Haikuwa hivyo. Ripoti ya mwaka 2014 ilieleza kwamba baada ya miezi 24 hapakuwa na tofauti, si katika damu wala katika umakini wa watoto. Kumpima mtoto mara moja kwa muhula hakukutosha, kwa sababu aliyetibiwa leo aliumwa tena na mbu kesho kutwa. Na malaria ya Kwale haikuwa sawa kila mahali kama ilivyokuwa Bondo.

Lakini mradi huo huo ulikuwa na mkono wa pili. Katika baadhi ya shule, walimu wa darasa la kwanza walifunzwa namna bora ya kufundisha kusoma, wakapewa mwongozo wa vipindi, na kila wiki wakatumiwa ujumbe mfupi kwa simu wa kuwakumbusha na kuwatia moyo. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Watoto walisoma vizuri zaidi, na walioacha shule walipungua kutoka asilimia 5.3 hadi 2.1.

Msomaji, litafakari jambo hili. Ubongo wa mtoto ni kama shamba. Damu nzuri, chakula na kukingwa na malaria ni mvua na mbolea. Lakini shamba lenye mvua bila ya mkulima huota magugu. Mtoto sharti pia afundishwe kwa utaratibu, asomewe vitabu, azungumziwe na aulizwe maswali. Seli za ubongo hushikana na kuimarika kwa kutumiwa, na yule anayezitumikisha kwa upendo kila siku ndiye mwalimu na mzazi.

HATARI YA SHARUBATI

Turudi kwa yule mama na kikaratasi chake. "Kama ni chuma kinachokosekana," huenda ukauliza, "kwa nini nisinunue tu sharubati ya chuma?"

Jibu liko ng'ambo ya bahari kutoka Shimoni, katika kisiwa cha Pemba. Mwaka 2001 watafiti walitangaza kwamba watoto wadogo wa Pemba waliopewa chuma waliendelea vizuri zaidi katika kusema. Ilikuwa habari ya kufurahisha. Kisha ukafanywa utafiti mkubwa zaidi wa watoto wapatao 24,000 wenye umri usiozidi miaka mitatu. Chuma pamoja na asidi ya foliki vilitolewa kwa kila mtoto bila ya kwanza kupima nani anavihitaji. Sehemu hiyo ya utafiti ilibidi isimamishwe mapema. Ripoti ya mwaka 2006 ilieleza kuwa waliopewa chuma walilazwa hospitalini na kufariki kwa wingi zaidi kuliko wenzao. Katika nchi yenye malaria, chuma kikitolewa ovyo huweza kuvinufaisha vimelea kabla ya kumnufaisha mtoto.

Waama, chuma ni dawa nzuri kwa aliyepungukiwa nacho, aliyepimwa malaria na kutibiwa. Kwa asiyekihitaji si chakula cha akili. Aidha, vidonge vya chuma vikimezwa na mtoto mdogo kwa wingi huweza kumuua. Viweke mbali naye.

Na vile vidonge vya mafuta ya omega-3, kama yaliyomo katika samaki? Watafiti wa Oxford waliripoti mwaka 2012 kwamba viliwasaidia watoto waliokuwa nyuma kabisa katika kusoma. Walipourudia utafiti huo na kutangaza matokeo mwaka 2018, faida hiyo haikuonekana tena. Sisi wa pwani tuna bahati. Samaki wenyewe wapo, na kitoweo cha dagaa ni nafuu kuliko chupa ya vidonge.

USINGIZI, MASIKIO NA MACHO

Watoto wengi wa mijini hawana minyoo, lakini hawalali. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na kijana wa sekondari saa 8 hadi 10. Wakati wa usingizi ubongo huyapanga na kuyahifadhi yale uliyojifunza mchana. Mtoto anayelala saa tano usiku mbele ya televisheni au simu, kisha akaamshwa saa kumi na moja alfajiri kungoja basi la shule, anajaza maji katika mtungi uliotoboka. Vinywaji vya kuchangamsha na muguka wanaotafuna baadhi ya vijana ili wakeshe na vitabu havizibi tundu hilo. Huufukuza usingizi ambao ndio fundi mwenyewe.

Usisahau pia masikio na macho. Mtoto anayetoka usaha sikioni mara kwa mara hasikii nusu ya somo. Asiyeona ubao hunakili makosa ya jirani yake. Wote wawili huitwa wajinga, na wote wawili husaidika.

MAMBO YA KUFANYA

Mtoto wako akilegea katika masomo, fuata utaratibu huu:

1. Mpeleke akapimwe damu, malaria, choo na mkojo kabla ya kununua dawa yoyote. Vipimo hivi ni vya kawaida katika vituo vingi vya afya.

2. Akipatikana na minyoo, mwulize daktari kuhusu kuitibu nyumba nzima. Mama mjamzito amweleze daktari hali yake kwanza. Vaa viatu, na tumia choo.

3. Akiandikiwa chuma, amalize dozi yote. Damu ikishapanda, kwa kawaida huendelea nacho kwa muda ili akiba ya mwili ijae.

4. Mpe vyakula vyenye chuma: maini, nyama, dagaa, kunde, maharagwe na mboga za majani. Ongeza ndimu, chungwa au embe katika mlo, kwani husaidia mwili kufyonza chuma. Chai humzuia. Basi isinywewe pamoja na chakula, ingojee saa moja au mbili.

5. Tumia chumvi yenye madini joto. Ukosefu wa madini hayo, hasa kwa mama mjamzito, hudumaza ubongo wa mtoto.

6. Alale ndani ya chandarua kila usiku, na alale mapema.

7. Apimwe macho na masikio.

8. Soma naye dakika 20 kila siku, na umwache acheze. Kukimbia na kuruka huongeza damu inayokwenda ubongoni.

9. Acha kumchapa kwa sababu ya alama. Hofu huuvuruga ubongo wa mtoto, na kumbukumbu huwa ya kwanza kukimbia.

Nawe mzazi usijisahau. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilisema mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya maradhi ya kusahau uzeeni yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa iwapo mambo 14 yangeshughulikiwa, yakiwemo shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, kupungua kwa usikivu na upweke. Siku unayompeleka mtoto, nawe upimwe presha.

Yule mvulana wa Ukunda alitibiwa safura, akapewa chuma kwa miezi minne, nao wazazi wake na nduguze wakameza dawa. Damu yake ilipanda hadi gramu 11.9. Je, alikuwa wa kwanza darasani? La. Alikuwa bado nyuma katika kusoma, kwa kuwa miaka miwili aliyosinzia darasani haikurudishwa na vidonge. Mwalimu wake alikubali kuanza naye upya kwa herufi na silabi, na dada yake humsomea jioni.

Nilipomwona mara ya mwisho, babake ndiye aliyemleta. Alisimama mlangoni kwa muda, kisha akaniambia, "Daktari, nilikuwa nampiga mgonjwa." Sikuwa na la kumjibu, kwani hata mimi niliwahi kumwandikia mgonjwa kama huyo sharubati.